Kazimoto Hakuwa na wa Kumwambia

Ndugu msomaji, naanza kwa kuungama kosa la uandishi. Katika mswada wangu wa kwanza wa riwaya, ule uliomo kwenye kaunta buku nne chini ya kitanda changu, nimemuua mhusika mkuu. Ni kijana Mkristo wa hapa hapa Pemba. Anaanza kuitilia shaka imani aliyolelewa nayo, anaacha kwenda kusali, anagombana na baba yake, na katika sura ya kumi na moja anajitundika kwenye mkarafuu. Nilipoimaliza sura ile nilijiona nimeandika kitu kizito kweli kweli. Nikampa rafiki yangu, naye ni mmoja wa waandishi wa jarida hili hili, akakaa nao siku tatu, kisha akaja nao barazani kwetu Mgogoni.

"Kwanza," akasema, "mkarafuu tawi lake hukatika, kila mtoto wa Pemba anajua. Pili, huyu umemuulia nini?"

Nikamwambia, kwa sababu ana shaka.

"Kwani mwenye shaka hufa?"

La mkarafuu nililijibu upesi, nikasema nitaugeuza uwe mwembe. Hilo la pili sikuwa na jibu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nilijaribu kukumbuka ni wapi nilijifunza kwamba mtu akianza kumhoji Mungu mwisho wake ni kamba. Kanisani sikufundishwa hivyo. Wenzangu Waislamu nao hawakufundishwa hivyo chuoni. Nilijifunza kwa Euphrase Kezilahabi, nikiwa fomu thrii, kwenye kitabu kisicho na jalada kilichopita mikononi mwa darasa zima.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, Ukerewe, akapita seminari ya Nyegezi kabla ya kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alifariki Januari 2020. Sisi tuliomsoma skuli kwa ajili ya mtihani tumezoea kumgawa katika vifungu: malezi, mapenzi, nafasi ya mwanamke, mgongano wa ya kale na ya kisasa, halafu tunamalizia kwa ile sentensi yetu kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui, basi, tunapewa alama zetu. Suala la imani tunaliruka. Wale wasioliruka hulimaliza kwa mstari mmoja, kwamba mwandishi huyu anapinga dini. Mie nasema hapingi dini hata kidogo. Mtu anayepinga dini huachana nayo akaandika mambo mengine. Kezilahabi hakuachana nayo tangu riwaya ya kwanza hadi ya mwisho.

Hebu tuitazame Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Jina lenyewe ni la sala, moja ya majina anayoitwa Bikira Maria katika litania yake, na Mkatoliki akiliona juu ya jalada anajua kuna jambo. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi, na Regina, mama mvumilivu kupita kiasi. Anapigwa na babaye kwa ajili ya barua ya mvulana. Anakwenda skuli ya masista, huko nako ni kuta na kanuni. Kisha chuo cha ualimu Morogoro, ambako kuta hazipo tena, na msichana ambaye hakuwahi kuruhusiwa kujiamulia neno anatakiwa ajiamulie kila kitu. Anaanguka, na mwisho anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku maskulini kwa muda, baadaye kikaja kusomwa, na watu walichokikasirikia zaidi ni habari za mapenzi.

Mie kilichonishika ni mwisho wake. Kezilahabi anawapeleka Rosa na baba yake mbele ya Mungu, washitakiane huko. Mwandishi asiyeamini lolote angeliiachia hadithi kaburini na angelieleweka vizuri tu. Huyu hakuweza. Alitaka pawepo mahali ambapo binti yule angesema, na duniani hakupaona.

Lakini iangalie saa yenyewe, msomaji. Rosa anapata nafasi ya kusema mbele ya Mungu akiwa maiti. Alipokuwa hai watu walimweleza mengi juu ya Mungu: usifanye hili, Mungu anakuona, usiende kule, Mungu hapendi. Hakupatikana wa kumkalisha akamuuliza, wewe mwenyewe, Rosa, unamwonaje huyu Mungu tunayekutisha naye? Kesi imefika mahakamani baada ya mlalamikaji kuzikwa.

Mwaka 1974 ikaja Kichwamaji, na hapa mambo yamekaza. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi likizo Ukerewe. Dada yake, Rukia, amepewa mimba na Manase, msomi mwenzake, na Rukia anakufa. Kazimoto anamwendea Sabina, dada wa Manase, kwa nia ya kulipiza kisasi, akaishia kumpenda na kumwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa, naye haishi. Kazimoto anajiua. Wahakiki wameiweka riwaya hii karibu na falsafa ya udhanaishi, wakamtaja na Camus wa Ufaransa, na sina ugomvi nao. Ila wamezungumzia zaidi anachokiwaza Kazimoto kuliko namna anavyokisema.

Riwaya inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, kwa "mimi". Yote yanayomkereketa rohoni, kwamba maisha hayana maana, kwamba hajui kama yuko anayemsikia, anatueleza sisi wasomaji. Mara ya kwanza niliposoma nilijivuna, nikajiona nimeaminiwa siri. Mara ya pili niliingiwa na hofu. Huyu mtu ana baba, ana mke anayempenda, ana kijiji kizima kinachomjua tangu utoto, na uzito wenyewe wa moyo wake anampa mtu aliyeshika kitabu, ambaye hawezi kumjibu. Sisi ndio padri wake wa kitubio, na sisi ni mabubu. Anapokaribia mwisho nilitamani kumwita, "Kaka Kazimoto, ngoja kidogo, mweleze Sabina," lakini kurasa zilikuwa zimeshachapwa kabla hata wazazi wangu hawajaoana.

Kwa hiyo tunaposema Kazimoto kauawa na shaka, mie naona tunamsingizia shaka. Wenye shaka tuko wengi na bado tunakula ugali.

Sasa nitasema jambo langu, kwani bila ya hilo makala haya yatakuwa ya mtihani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama. Kila aliyeishi kisiwani humu mwaka ule anaukumbuka usiku huo na siku zilizofuata, vilio vikitoka nyumba hii na ile, majina yakisomwa redioni. Kaka yangu alikuwamo. Mie nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikulia sana, ila nilikuwa na swali moja lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki: kaka alikuwa mtu wa sala kutuzidi sote, basi kule majini aliomba, na kama aliomba, nani alimsikia? Nilimuuliza mwalimu mmoja wa dini. Akanitazama kama niliyetukana, akasema tusimjaribu Mungu, akaendelea na somo. Simlaumu sana leo, huenda na yeye hakuwa na la kusema. Lakini tangu siku ile nilijua kuwa swali langu ni dhambi, na dhambi hufichwa. Nikaificha miaka minane.

Na kuficha kwetu sisi si jambo dogo. Wakristo wa Pemba ni wachache tangu hapo mwanzo. Wale Marafiki, wanaoitwa Quakers, walifika mwaka 1897, mwaka ule ule hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria visiwani, wakaanzisha shamba lao Banani, na watu waliotoka utumwani wakapata kazi na pa kukaa. Wengine, kama wazee wangu, walikuja baadaye kutoka bara kwa kazi. Sisi wa Mgogoni Jumapili tunapanda gari kwenda kusali Wete. Mtu anayeishi penye Wakristo elfu anaweza kukosa Jumapili tatu asijulikane. Kwetu ukikosa moja, nafasi yako kwenye benchi inaonekana kama jino lililong'oka. Na mtaani nako, ukisema una shaka na dini yako, jirani mwema atakwambia kwa upole kabisa, basi si usilimu? Hana nia mbaya. Lakini mtu hakuwa anatafuta mlango wa kutokea, alikuwa anatafuta pa kukaa. Kwa hiyo unanyamaza kanisani usiwavunje moyo wachache waliopo, unanyamaza mtaani usije ukaonekana unahama. Mwandishi anayetaka kuandika shaka ya Mkristo wa visiwani hana haja ya kuazima upweke wa Camus. Upo tele hapa, umekaa kwenye gari la asubuhi na Biblia mapajani.

Aliyenifungua mdomo alikuwa bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu, ambaye mjukuu wake alikuwa kwenye meli ile ile. Ulikuwa msimu wa karafuu, tumekaa jamvini tunachambua, karafuu huku na makonyo kule, vidole vimeshakuwa vyeusi. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, sina kazi, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa siku ya tatu.

"Leo huna ulimi, mwanangu?"

Nikamwambia, bibi, hivi wewe humuulizi Mungu kwa nini?

Akaendelea kuchambua. Nikadhani kakasirika. Kisha akasema, "Astaghfirullah, mie nimemuuliza. Usiku, kwa sauti, mpaka jogoo akawika." Halafu akanihadithia habari za Nabii Ayubu na mkewe, jinsi watu walivyomkimbia kwa maradhi yake na mke akabaki naye, akifanya kazi za watu apate cha kumlisha, mpaka akakata nywele zake akazibadilisha kwa mkate. Hakuniambia nini maana yake. Akanituma maji.

Nilirudi nyumbani nikaifungua Biblia, Kitabu cha Ayubu, ambacho kanisani husomewa mwanzo na mwisho tu, mali zilipotoka na mali ziliporudi. Katikati kuna sura karibu arubaini ambazo hakuna aliyewahi kunisomea! Tangu sura ya 3 mtu yule anailaani siku aliyozaliwa, na haachi. Anamdai Mungu aje wasimame mbele ya mwamuzi. Rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri ambayo ungeweza kuyasikia mazikoni wiki hii hii. Na mwisho, sura ya 42, Mungu anamgeukia Elifazi na kumkasirikia yeye na wenziwe, kwamba hawakusema yaliyo sawa kumhusu kama alivyosema Ayubu. Nilisoma mara tatu. Waliokemewa ni watetezi. Aliyepiga kelele ndiye aliyesifiwa.

Pwani yetu ina Ayubu wake pia, wa kale. Utendi wa Ayubu ulichapishwa na Alice Werner kule London miaka ya 1920, na J.W.T. Allen akautia katika kitabu chake Tendi mwaka 1971, mwaka ule ule, sijui kama ni bahati tu, ilipotoka Rosa Mistika. Ayubu wa utendi ni wa subira. Ayubu wa Biblia ni wa ugomvi. Mtu akiwaweka hivi kwa haraka ataona ndio tofauti ya dini mbili, na mie nilitaka kuandika hivyo, lingekuwa jambo la kuvutia. Lakini bibi yule, aliyelelewa na Ayubu wa subira, ndiye aliyemuuliza Mungu mpaka alfajiri, na mwalimu aliyekuwa na Biblia ya Ayubu mgomvi mkononi ndiye aliyeninyamazisha. Kinachowaunganisha Ayubu hawa wawili ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeachwa na swali peke yake. Mmoja ana mke asiyeondoka. Wa pili ana rafiki watatu, wabovu lakini walikuja, wakakaa naye chini siku saba kabla ya kuharibu kwa kusema. Na anayo anwani ya kupeleka hasira yake. Kazimoto hana anwani.

Kuna mfano mwingine wa karibu na zama zetu. Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997, na mwaka 2007 barua zake zikatolewa kitabuni. Dunia ikashangaa: mtawa yule, ambaye picha zake zimetundikwa kwenye kuta za Wakatoliki kila mahali, alikaa karibu miaka hamsini akisikia giza rohoni, asimhisi Mungu aliyekuwa akimtumikia. Wasioamini wakasema mnaona, hata yeye. Waumini wengine wakaona aibu. Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 2016, barua na zote. Mie kilichonigusa ni kuwa zilikuwa barua. Aliziandika kwa mapadri wake wa kiroho na maaskofu, aliwahi hata kuomba zichomwe, lakini aliziandika, zikasomwa na mtu, na asubuhi akaamka akaenda kuosha wagonjwa. Giza lake halikuwa dogo kuliko la Kazimoto. Lilikuwa na msomaji mwenye mdomo.

Nirudi kwa Kezilahabi, maana nisije nikamgeuza mchungaji. Baadaye aliandika Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, riwaya fupi mbili zinazowatisha wanafunzi na walimu pia. Katika Mzingile msimulizi yuko njiani kumtafuta mzee ampe habari ya kifo cha mwanawe, na Mkristo yeyote anajua ni mwana gani na mzee gani. Yaani miaka ishirini baada ya Rosa, mwandishi wetu bado anatafuta mlango wa kuongea na Mungu. Ni moja ya tamaa kubwa katika fasihi yetu na namheshimu sana kwayo. Kasoro ninayoiona ni moja. Mazungumzo hayo kwake hufanyika mbali: ahera katika Rosa Mistika, kichwani katika Kichwamaji, nchi ya ndoto katika Mzingile. Hayafanyiki jikoni siku ya Jumanne. Sijakutana katika riwaya zake na mtu anayeuliza swali gumu, akajibiwa vibaya, akauliza tena kwa mwingine, akaenda kusali akiwa na hasira, akarudi, akala, akalala, akauliza tena. Wakati imani, kwa wale ninaowajua wanayo, hukua hivyo, taratibu na kwa kero, kama mkarafuu unaosubiriwa miaka kabla ya kuzaa.

Mtu atasema, hiyo haina hadithi. Kifo kina hadithi, mtu anayekwenda kusali akiwa amenuna hana. Labda. Ndivyo nilivyodhani nami, ndiyo maana nikamtundika kijana wangu. Nakiri hata sasa kwamba sura ya kumi na moja ndiyo niliyoiandika vizuri kuliko zote, sentensi zilikuwa zinakuja zenyewe, na nadhani zilikuja zenyewe kwa kuwa zilikuwa za mtu mwingine. Nilikuwa naandika Ukerewe nikidhani naandika Mgogoni.

Siku hizi nasali. Swali la kaka bado ninalo, nakwenda nalo Wete na narudi nalo, na kuna mzee mmoja kanisani nilimweleza, hakunijibu kitu, akaniambia tu kwamba kila Jumapili nikae karibu naye. Sijui kama hiyo inaitwa kukua. Ni tofauti na nilivyokuwa.

Sura ya kumi na moja nimeichana. Kijana wangu sasa anafika nyumba ya pili usiku, mvua inanyesha, anapiga hodi, bibi anamfungulia, anampa kanga ajifutie. Amekaa kwenye mkeka. Anataka kusema. Nimeandika mstari wake wa kwanza mara nyingi nimeufuta, kwa sababu kila nikimfungua mdomo anazungumza kama Kazimoto, anahutubia. Kwa watu wazima hapa kwetu mtu haanzi hivyo. Anaanza na habari za mvua, za karafuu zilizolowa uani, za bei mwaka huu. Nimefika kwenye karafuu.